Naomba ushauri: kutembelea hekalu la Kapaleeshwarar, Chennai, kwa asiye wa dini ya Kihindu

BintiRufiji: Wanajukwaa, habari za jioni. Niko Chennai, India, nikimuuguza mama, na kwa kuwa tumepewa mapumziko kabla ya vipimo vinavyofuata, tungependa kulitembelea hekalu la Kapaleeshwarar, mtaa wa Mylapore, ambalo tunaambiwa hufurika watu. Sisi ni Waislamu na tunavaa hijabu. Zaidi ya msongamano, ninachohofia ni kuvuka mpaka wa mgeni bila kujua, au kupewa kitu cha ibada nikashindwa kukikataa kwa adabu. Isitoshe, mama hawezi kusimama muda mrefu. Mwenye uzoefu anielekeze.

MzeeForodhani: Pole kwa kuuguza, binti yangu. Nendeni asubuhi mapema, kabla ya saa mbili, kwa sababu viatu huachwa langoni, na jua la Chennai likishapanda, mawe ya uani huwaka kiasi cha kumfanya mtu mzima arukeruke. Msifike adhuhuri, kwani hekalu hufungwa hadi alasiri. Jioni hufunguliwa tena na hupendeza, lakini ulizeni kwanza kama si siku ya Pradosham, yaani siku ya 13 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, ambapo umati hujazana kushuhudia maziwa yakimiminwa juu ya sanamu ya Nandi, fahali wa Shiva, mungu wa hekalu hilo. Kwa mgonjwa, siku hiyo haifai kabisa.

Mkaanga_Samli: Kuhusu mipaka, desturi ya mahekalu mengi ya jimbo hili la Tamil Nadu ni kwamba asiye wa dini hiyo anaruhusiwa uani lakini haingii chumba cha ndani penye sanamu kuu. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras (jina la zamani la Chennai), katika shauri la hekalu la Palani, iliagiza hata mabango yawekwe kumzuia asipite mlingoti wa bendera. Kwa hiyo mkiuona mlingoti, simameni hapo, na simu ibaki mkobani mpaka mlinzi akubali mpige picha. Hamtapungukiwa na kitu, maana mnara wa lango la mashariki, wenye urefu wa mita 37 hivi na uliosheheni masanamu ya rangi, unaonekana vizuri zaidi kutoka nje. Uani pia tafuteni kihekalu kilicho chini ya mti, kinachomkumbuka Parvati, mke wa Shiva, ambaye katika masimulizi yao alimwabudu Shiva akiwa katika umbo la tausi. Inaelezwa kwamba hekalu la awali lilikuwa ufukweni na likabomolewa na Wareno katika karne ya 16. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kutambulishwa kwa mabwana hao.

Abu_Swafiya: Samahani, lakini Mwislamu ana shughuli gani hekaluni?

UmmuKulthum: Ndugu yangu, dada ameuliza adabu za mgeni, hakuomba fatwa, mwenye shaka na amuulize shehe wake. Dada, hijabu haitakuwa tatizo, kwani nguo ya kusitiri ndiyo inayotakiwa pale. Ukinyooshewa majivu ya kupaka kwenye paji la uso au chakula kilichotolewa mbele ya miungu, weka mkono wa kulia kifuani, inamisha kichwa kidogo, utabasamu. Kuhani atageukia anayefuata, kwani nyuma yako kuna foleni. Usikipokee kisha ukakitupa, maana hilo ndilo litakalowaudhi. Nje wapo akina mama wanaouza asumini zilizotungwa, wakizipima kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole, kama bibi zetu walivyopima vitambaa. Ukinunua, zifunge mwenyewe kwenye mkoba.

BintiRufiji: Nimewaelewa, ahsanteni. Na mama je, atakaa wapi?

MzeeForodhani: Msimwingize kwenye foleni hata kidogo. Kodini bajaji, mpatane bei kabla ya kupanda, mwambieni dereva azunguke barabara za Mada zinazolizingira hekalu, kisha asimame upande wa magharibi penye bwawa kubwa la ngazi. Mama ataliona bwawa na minara akiwa amekaa kivulini. Wewe ingia uani peke yako, na mtu wa kumwangalia asikose.