Kazi ya sanaa ya mto na ndege kwenye ukuta wa jengo la jamii: tuanzie wapi?

Mjumbe_Kamati: Habari wakuu. Kamati inataka ukuta wa nje wa jengo la jamii, upana mita 9 na kimo mita 4, uwe na kazi ya kudumu yenye mto, matete na ndege. Wengine wanataka mchoro wa rangi, wengine mozeiki (picha ya vipande vidogo vya vigae au kioo). Plasta ni mpya, na jua la alasiri linaupiga ukuta moja kwa moja. Tumpateje msanii, na kipi huharibika kwanza?

FundiRangi: Kinachoharibika kwanza ni ukuta wenyewe, kwa hiyo anzeni hapo kabla ya kumtafuta msanii. Plasta mpya ya saruji ina alkali kali. Ipeni walau siku 28. Rangi ya mafuta ikipakwa mapema, alkali huyageuza mafuta kuwa sabuni na rangi inabanduka.

Kisha pimeni unyevu. Chukueni nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, mbandike kingo zote kwa utepe na kuiacha saa 16 au zaidi. Mkikuta matone upande wa ndani, ukuta bado una maji. Tafuteni yanakotoka: mfereji wa paa unaovuja, au udongo uliorundikana kwenye msingi. Maji hayo hubeba chumvi hadi usoni, na chumvi inapokauka huwa fuwele zinazosukuma rangi nje. Hakuna rangi itakayotibu hilo, hata iwe ya bei gani.

Kwa jua hilo, dai rangi zenye asili ya madini: nyekundu na njano za oksidi ya chuma, kijani cha oksidi ya kromi. Waridi na zambarau za kung'aa ndizo hupauka mapema, na wachoraji wengi hupenda kuzitumia kwenye manyoya ya ndege. Plasta tupu inafaa sana kwa rangi ya silikati (rangi ya madini, isiyo ya plastiki), maana hushikana na saruji na kuuacha ukuta upumue. Msiipake juu ya rangi ya plastiki, haishiki.

MozeikiNdiyo: Mita za mraba 36 za mozeiki ni kazi kubwa. Ningeweka mozeiki kwenye ndege na mkondo wa maji tu, kwingine rangi. Chagueni vigae vya poseleni vinavyonyonya maji chini ya 0.5%. Kioo kinachopitisha mwanga kinahitaji gundi nyeupe, kwani ya kijivu hufifisha rangi yake. Gundi ijae nyuma ya kila kipande. Pengo likibaki, maji huingia na kipande hung'oka. Kama ukuta una kiungo cha kutanukia (mwanya ulioachwa ili ukuta utanuke na kusinyaa), mozeiki isikivuke, la sivyo itapasuka kwenye mwanya huo. Ongezeni 10% ya vigae, na masalio yahifadhiwe kwa matengenezo.

Mratibu_Sanaa: Kuhusu msanii: ombeni picha za kazi zilizopita, chagueni watatu, kisha *mlipeni kila mmoja* kwa mchoro wa awali. Kudai michoro ya bure huwafukuza walio bora. Kagueni kazi zao zenye miaka mitano na kuendelea. Picha za siku ya uzinduzi hazionyeshi kitu. Tajeni aina halisi za ndege na mimea, na mjuzi wa ndege aupitie mchoro kabla jukwaa la kupandia ukutani halijasimamishwa.

Malipo yawe kwa hatua, 10% ibaki hadi miezi sita baada ya kukamilika. Bajeti ihesabu jukwaa, bima, taa na usafishaji. Mkataba useme hakimiliki ni ya nani na nini kitatokea ukuta ukibomolewa: Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 6bis, humpa msanii haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata akiwa ameuza haki zake za kiuchumi.

Mjumbe_Kamati: Asanteni sana. Je, tupake kinga dhidi ya maandishi ya ukutani?

FundiRangi: Ile ya nta, ndiyo. Huoshwa kwa maji ya moto pamoja na uchafu, kisha inapakwa upya. Ile ya kudumu ya poliuretani (aina ya plastiki) huziba ukuta, na juu ya silikati itafungia unyevu ndani.