Kaswende ilikuchukua muda gani kuonekana? Tupeane uzoefu

dereva_masafa: Wakuu leo tanboi wangu kaniambia ana kidonda huko chini anapaka GV, et hakiumi so hakina shida, nikaishiwa nguvu maana ndo yalinikuta. Nililala na mtu Tunduma foleni ya mpakani ilivyotukwamisha, kama wiki tatu baadae kikatoka kidonda kimoja, kigumu pembeni, hakiumi hakiwashi. Nikapaka GV kikapona, nikajua yameisha. Miezi miwili mbele vipele viganjani na nyayoni, duka la dawa wakanipa vidonge vya aleji. Wife akaenda kliniki na mimba ya miezi mitano, wakampima, kaswende. Aliniuliza tu, "Baba Junior, umeniletea nini?" Sikuwa na pa kuangalia. Tulichomwa penisilini wote, mtoto kazaliwa mzima.

kijiwe_cha_kati: Mimi siku ya 12 tu

Mpare_og: Acha uongo, kaswende ni miezi mitatu ndo inatoka

kijiwe_cha_kati: We ulikuwa kwenye mwili wangu?

nesi_wa_zamu: Msigombane, ni siku 10 mpaka 90, wengi kama 21. Na ukiwahi sana kupima inaweza kusoma negativu, rudia.

BintiUsagara: Hapo kwenye kupima! Wiki ya pili nikaambiwa niko safi, mwezi na nusu nikarudia ikasoma

babu_dawa: Mwarobaini uliochemka glasi mbili, yanaisha

nesi_wa_zamu: Babu shkamoo, lakini hapana. Kidonda kinapona chenyewe, ugonjwa unabaki.

mama_wawili: Mimi sikuona kidonda wala kipele, kwetu wanawake kinaweza kukaa ndani huko usikione. Kliniki nilianza mimba ikiwa na miezi nane, siku ya kupima vipimo vimeisha, nikaambiwa nirudi, sikurudi. Nikajifungua mtoto hapumui. Ndo wakanipima. Alikuwa wa kiume, nywele nyingi.

BintiUsagara: Pole mno dada 😭

Mpare_og: Pole. Ila mume je alipima?

mama_wawili: Alikataa, akasema nimeitoa mimi nje. Nilitibiwa peke yangu nikarudi kwetu.

kijiwe_cha_kati: Wanaume tunakosea sana hapa

nesi_wa_zamu: @dereva_masafa huyo kijana mpeleke kesho asubuhi, usimwachie aende mwenyewe. Na yule wa Tunduma ulimwambia?

dereva_masafa: Namba ninayo. Sijawahi kupiga.

mama_wawili: Piga leo kaka angu.