Odera Oruka na mahojiano ya wenye hekima: falsafa iko wapi?

msoma_hoja
Wakuu, kila ninapokuta jina la Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, naelezwa kwamba alikusanya busara za wazee wa Kenya. Kukusanya methali ni falsafa kweli? Na mahojiano yenyewe yaliendeshwaje?

Kalamu Kavu
Methali ndizo alizozikimbia. Alizaliwa Ugenya mwaka 1944, akaenda Uppsala, Uswidi, kusomea sayansi, hali ya hewa ikiwamo, akaangukia falsafa mikononi mwa mwanafalsafa Ingemar Hedenius. Akapitia Chuo Kikuu cha Wayne State, Marekani, na mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi. Huko Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1978 aliigawa falsafa ya Afrika katika mikondo minne: ya kikabila, ya wenye hekima, ya itikadi za ukombozi na ya wasomi wa vyuo. Ugomvi wake ulikuwa na ule wa kwanza, unaosema "Waafrika huamini hivi" kana kwamba kabila zima lina kichwa kimoja. Yeye alitaka jina la msemaji na sababu zake.

mzee_wa_tepu
Kuhusu mahojiano. Jamii yenyewe ndiyo humtaja mwenye hekima. Unamrekodi kwa lugha yake. Unaanza na mada pana: Mungu, ukweli, kifo, usawa wa mwanamume na mwanamke. Akishaeleza watu wake husemaje, ndipo unauliza: wewe unakubali? Kwa nini? Hapo ndipo penye kazi. Anayeirudia mila, hata kwa ufasaha mkubwa, ni mjuzi wa mila tu. Anayeipima na kuthubutu kuikataa ndiye mwanafalsafa. Paul Mbuya Akoko, mmoja wa wazee Waluo waliohojiwa, alisema Waluo walikosea kudhani Mungu wao ni tofauti na wa wengine: maumbile yana utaratibu mmoja kila mahali, na miungu ingekuwa mingi pangekuwa na vurugu. Hiyo ni hoja. Unaweza kuipinga, na methali haipingwi hivyo.

Kalamu Kavu
Ila usifiche kasoro. Peter Bodunrin, mwanafalsafa wa Nigeria, aliuliza: mawazo haya ni ya mzee au ya profesa anayemchokoza? Oruka alijitetea kwa mfano wa Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba mwulizaji ni mkunga tu: husaidia wazo la mwingine kuzaliwa. Utetezi huo unasimama pale tu maswali yanapochapishwa pamoja na majibu, kama yalivyo kwenye kitabu chake cha 1990. Swali likibeba jibu ndani yake, umejihoji mwenyewe. Tafsiri nayo ni mtego: ukiandika "Mungu" badala ya Nyasaye, jina la Mungu kwa Kijaluo, umeshaingiza katekisimu nzima. Weka maneno ya asili kando ya tafsiri.

msoma_hoja
Na ushahidi wake kwenye kesi ya mazishi ya S.M. Otieno, yule wakili Mluo ambaye mjane wake na ukoo waligombania mahali pa kumzika?

mzee_wa_tepu
Alisimama kama mtaalamu wa mila za Waluo. Kizimbani unaulizwa mila inasemaje. Lile swali la pili, kama ni sawa na kwa nini, si kazi ya shahidi. Usiusome ushahidi ule kama falsafa yake.