Mrejesho: mstari hafifu kwenye kipimo cha haraka cha VVU na homa ya ini B
Niliuliza kama mstari hafifu kwenye kaseti (kile kibao kidogo cha plastiki cha kipimo) uhesabiwe kuwa ameambukizwa. Ahsanteni wote, jibu ni ndiyo: mstari wa T (wa majibu), hata uwe hafifu vipi, unahesabika, mradi mstari wa C (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) umetokea na umesoma ndani ya muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kosa langu lilikuwa kuchelewa kusoma. Kaseti ikikaa mezani, damu hukauka na kuacha kivuli kinachofanana kabisa na mstari. Mstari wa C usipotokea, rudia kwa kaseti mpya.

Na jamani, VVU isitangazwe kwa kipimo kimoja. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linataka vipimo 3 tofauti mfululizo, vyote vionyeshe maambukizi, kabla ya kumwambia mtu ana VVU. Kwa homa ya ini C, kingamwili (kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi) pekee hazitoshi: aliyepona hubaki nazo, hivyo pima RNA (chembe za urithi za kirusi chenyewe).