Mbegu ya njugu isiyoliwa na viwavi, naijaribu vipi?

mwana_gede: Wadau salama? Niko huku Gede, shambani nina njugu mbegu tatu, ile nyekundu ndogo ya kienyeji, kubwa ya agrovet, na nyingine kaniletea shangazi toka Marafa. Sasa viwavi wameingia, ya agrovet majani yamebaki kama chujio lakini ya shangazi haijaguswa sana. Ina nguvu zake kweli ama ni bahati tu, manake iko mwisho wa shamba karibu na mikorosho? Maabara sina.

udongo_mwekundu: Kakangu macho peke yake usiyaamini. Kwanza hio mikorosho ina majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini? Kama wako basi huenda ndio wanaokulindia, wale hushuka wakawinda viwavi. Pili nondo hutaga anapotaka yeye, labda kona hio hakupita.

Fanya hivi, chuma majani na vikonyo vyake, ya umri mmoja kwa mbegu zote, mi huchukua la tatu toka juu manake jani changa na jani kuukuu haliliwi sawa. Kikonyo kizungushie pamba iliyolowa, tia kwenye kikopo, funika na neti. Kisha kiwavi MMOJA kila kikopo, ndio kwanza katoka yaini. Ukitia watatu kuna aina hulana wenyewe kwa wenyewe, utasema mbegu imewaua kumbe wameuana. Kila mbegu vikopo kumi hivi, vichanganye mezani, na miguu ya meza itie kwenye makopo ya maji la sivyo sisimizi watakumalizia kazi usiku.

Na usihesabu mashimo tu. Angalia kiwavi ananenepa vipi na anachelewa kiasi gani kugeuka pupa, yaani kulala kabla hajawa nondo. Mwengine hula sana kwa sababu jani halimshibishi, mashimo kibao na yeye kadumaa, hio mbegu ni nzuri. Kupima azima mizani ya sonara, ya jikoni haimuoni.

mwana_gede: Shukran sana. Viwavi nitoe kwenye mahindi? Wamejaa huko.

udongo_mwekundu: La. Hawa wa mahindi huenda ni viwavijeshi vamizi walioingia Kenya 2017, mahindi ndio chakula chao hasa, wakigoma kula njugu utajua nini? Tafuta mayai kwenye njugu zenyewe, na pasiwe pamepigwa dawa, hata mwarobaini.

mama_vibanda: Vikopo sawa wanangu ila havitoshi. Mtaalamu wa wadudu wa Marekani aitwaye Painter alishaeleza 1951, mmea hujikinga njia tatu, mdudu haupendi, ama akiula unamdhuru, ama unaliwa na bado unazaa. Hio ya tatu kikopo hakikuonyeshi ng'o. Njugu ikiliwa mapema hurudisha majani, balaa ni ikiliwa tangu inatoa maua na kushusha vikonyo mchangani mpaka punje zinajaa. Kwa hivyo mvua ikija gawa shamba vipande vidogo, kila mbegu irudie mara nne, pigia kura nani akae wapi, mbali na hio mikorosho, halafu kila kipande nusu upige dawa nusu uache. Ukivuna zianike zikauke ndio upime. Mbegu ambayo nusu mbili hazikupishana sana kwa mavuno ndio yako, hata kama majani yalitoboka.

mwana_gede: Sawa mama, nimeelewa. Shangazi nishampigia aniongeze mbegu, aniuliza ati viwavi nawafugia nini nyumbani 😂 Mwenye mizani ya sonara hapa Malindi aniazime basi, ntairudisha safi.