Chensoo iliyolala miaka: kusafisha kabureta, kubadili vipira vyake, au kuweka kabureta nyingine?

Mlingoti_Mufindi:
Wakuu, kuna chensoo (msumeno wa mnyororo wa petroli) Stihl MS 381 imekaa stoo miaka minne na petroli yake ndani ya tenki. Kamba inavutika na ina mgandamizo, ila haitoi hata mlio mmoja. Ushauri wa mtaani ni wa aina tatu: weka mafuta mapya uvute, nunua seti ya vipira vya kabureta (viwambo vyembamba vya ndani), au toa kabureta yote uweke ya Kichina. Ipi inalipa?

Spana19:
Kabla ya kulinganisha, acha kuvuta kamba. Fungua ekzosi utazame pistoni kupitia tundu la moshi. Ukiona mikwaruzo ya wima upande huo, hayo ni maumivu ya zamani, na kabureta hata ingekuwa ya dhahabu haitakusaidia. Pistoni ikiwa laini na ringi zinarudi ukizibonyeza kwa kijiti, toa plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili, ile inayochanganywa na petroli) kwenye silinda, kisha vuta taratibu mara chache. Ukuta wa silinda uliokauka ukavutwa kwa nguvu huchubuka.

Sasa njia ya kwanza: mafuta mapya na kuvuta. Ni bure, na ndiyo mbaya kuliko zote. Petroli ikipaa hubakiza ulimbo pamoja na oili yake, na huo ulimbo ndio unaoziba chujio dogo la ndani na kugandisha sindano inayoruhusu petroli kuingia kwenye kabureta. Mafuta mapya hulainisha sehemu yake tu na kuisukuma kwenye jeti, yaani vitundu vidogo vya kupitisha petroli. Mashine inaweza kuwaka, ikapata mafuta pungufu, na kwa 2T mafuta pungufu ni oili pungufu pia. Pistoni inakwama mchana huohuo.

Kabureta_Njombe:
Naungana na Spana19. Chaguo langu ni vipira, ila watu wengi hubadili vipira wakaacha bomba la petroli. Uvute mpira huo kwa vidole: ukiwa mgumu au umepasuka shingoni unapoingia kwenye tenki, badili, pamoja na filta yake ya ndani ya tenki. Ufa wa hapo huvuta hewa, nawe utalaumu kabureta bure.

Kwenye kabureta kuna vipira viwili, cha pampu na cha kupima mafuta. Hiki cha pili kikilala miaka hukakamaa. Kitikise karibu na sikio. Kikilia kama karatasi, kimekwisha. Piga picha kila tabaka kabla ya kulitoa, maana gaskiti na kipira vikipishana nafasi haiwaki. Upande wa kupima, gaskiti hukaa kwanza kwenye mwili wa kabureta, kisha kipira.

Safisha kwa dawa ya kabureta ya kupuliza. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma, na usipige upepo wa kompresa kwenye jeti kuu, kuna vali nyepesi pale.

Bei_Poa:
Mkuu, mnaidharau ya Kichina bila sababu. Seti ya vipira haifai kitu kama maji yalikaa ndani na mwili wa alumini umeota unga mweupe. Hapo hakuna cha kusafisha. Na asiye na subira ya visindano vidogo ataharibu kabureta nzuri.

Kabureta_Njombe:
Kwa unga mweupe nakubali, badili yote. Ila ya kuiga nayo ifungue kabla ya kuifunga. Mara nyingi kile kiwiko cha sindano hakikai kwenye kimo chake: kikiwa juu mno inafurika, kikiwa chini mno inanyimwa. Mwili wa zamani ukiwa mzima, kabureta ya asili yenye vipira vipya inashika marekebisho vizuri zaidi.

Sili_Kavu:
Hamjagusa jambo linaloua mashine hizi baada ya kuwaka: sili za krenki, yaani mipira inayoziba hewa kwenye shafti ya injini. Zikikauka, injini huvuta hewa pembeni. Dalili ni sailensa (mwendo wa injini bila kubonyeza mafuta) kupanda yenyewe, au ukiachia kibonyezo cha mafuta injini inachelewa kushuka. Watu hufungua skrubu ya L (ya kurekebisha mafuta ya mwendo mdogo) kuficha tatizo. Fundi mwenye kifaa hupima kwa kuziba matundu na kujaza hewa bar 0.5, ikishuka, kuna tundu. Kunja pia ule mpira kati ya kabureta na silinda uangalie nyufa.

Spana19:
Kabureta ikishafungwa, changanya petroli na oili upya. Oili ya Stihl ni 50 kwa 1: mililita 100 kwa lita 5. Oili nyingine ya 2T yenye daraja la ubora TC ni 25 kwa 1, yaani mililita 200 kwa lita 5. Oili ya injini ya gari hapana. Plagi NGK BPMR7A, nafasi ya milimita 0.5.

Breki ya mnyororo mbele, mguu kwenye mpini wa nyuma, choki. Vuta hadi ikohoe, toa choki, vuta tena. Ukiendelea kuvuta na choki baada ya kikohozi utaifurisha.

Ikiwaka kisha ikazima baada ya dakika kadhaa, legeza kifuniko cha tenki. Ikifanya "fss" na kuendelea vizuri, tundu la hewa la tenki limeziba.

Mlingoti_Mufindi:
Mwili hauna unga, nachukua vipira na bomba. Oili ya mnyororo nayo ni ileile ya miaka minne.

Sili_Kavu:
Imwage. Imekuwa jeli, na ikiziba pampu, baa (pau ambayo mnyororo huzunguka juu yake) itaungua kwenye gogo la kwanza. Osha tenki la oili kwa mafuta ya taa, zibua tundu la oili kwenye baa na mfereji wake wote, jaza mpya. Ikiwaka, achia breki ya mnyororo, elekeza ncha ya baa kwenye gazeti kwa umbali wa sentimita 20 hivi, iendeshe nusu mwendo. Usipoona mstari wa oili ndani ya dakika moja, zima ufungue pampu kabla hujakata chochote.