Watazamaji nyota wa miaka ya 1910 walikuwa wanatuma taarifa gani? Na mwenye darubini ndogo leo anaweza?

Fundi_Singida:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi umeme, nakaa nje kidogo ya Singida mjini. Taa za barabarani hazijafika huku, kwa hiyo usiku ni giza kweli. Mjomba ameniachia darubini ya macho mawili, 7x50, yaani inakuza mara 7 na kila kioo cha mbele kina upana wa milimita 50. Mwezi nimeuchunguza, miezi minne ya Mshtarii nimeiona. Sasa nasoma kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita wakulima na makarani walikuwa wakituma taarifa za nyota kwenye vituo vikubwa, na wataalamu wakazitumia. Walikuwa wanatuma nini hasa? Na kwa chombo kama changu, kazi hiyo inawezekana?

Kilimia:
Ndugu yangu, umeuliza kitu ninachokipenda kuliko vyote. Nimefundisha fizikia Iringa hadi kustaafu, na kazi hii naifanya mpaka leo.

Walikuwa wanatuma namba: jina la nyota, saa, na mwangaza wake usiku huo. Zipo nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, nyingine kwa saa chache, nyingine kwa miezi. Vituo vilikuwa na darubini kubwa lakini macho machache, na nyota za aina hii ni nyingi mno. Edward Pickering, mkurugenzi wa kituo cha nyota cha Harvard, Marekani, alitoa mpango tangu 1882 wa kuwaomba watu wa kujitolea, wanawake kwa wanaume. Mwaka 1911 mwanasheria mmoja wa Norwich, Connecticut, William Tyler Olcott, akawakusanya wakawa chama, AAVSO, yaani chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza. Chama hicho kipo hadi leo.

Mtu wa kumfuata wewe ni Leslie Peltier, mtoto wa mkulima wa Delphos, Ohio, aliyezaliwa 1900. Alitaka darubini ya dola 18. Akachuma stroberi kwa senti 2 kila kikapu cha kama lita moja, akafika vikapu 900, akainunua. Kioo chake cha mbele kilikuwa na upana wa inchi 2 tu, sawa na kimoja cha hiyo 7x50 yako! Tarehe 1 Machi 1918 alikadiria mwangaza wa nyota iitwayo R, mojawapo ya hizo zinazobadilika, katika kundi la nyota la Simba, akaupeleka kwa chama. Kuanzia hapo hakukosa kutuma taarifa mwezi hata mmoja hadi alipofariki 1980. Makadirio yake yalipita 132,000. Chuo Kikuu cha Princeton kilimwazima darubini ya inchi 6, na Novemba 1925 akagundua nayo nyota yenye mkia, ya kwanza kati ya kadhaa alizozipata.

Anza na nyota ileile. Mwezi wa tano, mvua zikishakatika kwenu, saa mbili usiku elekea kaskazini na uinue kichwa karibu na utosi. Nyota angavu ya Simba ni Regulus. R iko upande wake wa kushoto, yaani magharibi, kama digrii 5, kwa hiyo zote mbili zinaingia kwenye duara moja la darubini yako. Pembeni ya R kuna nyota mbili zisizobadilika: moja ina mwangaza wa 5.6, nyingine 6.4. Kumbuka namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu. Ukiiona R iko katikati yao, andika 6.0. Ikiwa imesogea karibu zaidi na ile angavu, robo tu ya njia kutoka kwake, andika 5.8. Huna haja ya kifaa kingine.

Ramani za chama hazina nukta ya desimali: 5.6 huandikwa 56, maana nukta kwenye ramani ya nyota itadhaniwa ni nyota.

R hupanda hadi karibu 4.4 na kushuka kupita 11, mzunguko mzima kama siku 312. Ikishuka sana darubini yako haitaiona. Hapo andika nyota hafifu kuliko zote uliyoweza kuiona, na kwamba R ilikuwa chini yake. Taarifa hiyo nayo inapokelewa.

Bahari_EastLondon:
Salaam kutoka Afrika Kusini. Mwalimu kamgusa wa Ohio, niongeze wa huku. Alexander Roberts, Mskoti, alikuwa mwalimu Lovedale, Eastern Cape. Kuanzia 1891 alifuatilia nyota za kusini ambazo Ulaya hazionekani kabisa, akaacha makadirio kama 250,000. Na Mei 1925 mfanyakazi wa simu za telegrafu wa Beaufort West aitwaye Watson, akielekea kazini alfajiri, aliona nyota mpya katika kundi la Pictor. Aliiona kwa macho matupu, kwa sababu alishalijua lile anga hata kigeni kikamshtua.

Fundi_Singida:
Nawashukuru sana. Mwalimu, mawili yananitatiza. Jicho langu nitaliaminije? Na nikitazama saa saba usiku niandike tarehe ipi, ya jana au ya leo?

Kilimia:
Jicho hudanganya kwa njia zinazojulikana. R ni nyekundu, na nyota nyekundu ukiikodolea macho huzidi kung'aa. Basi itupie jicho mara moja, nenda kwa jirani yake, rudi. Pia kati ya nyota mbili zilizo juu na chini, mara nyingi ya chini huonekana angavu zaidi. Geuza kichwa mpaka mstari unaoziunganisha ulale sambamba na macho yako. Na usiangalie uliandika ngapi mara iliyopita, kwa sababu jicho litakubaliana na daftari. Makadirio ya mmoja yakipinda kidogo, ya wengine kumi yanamrekebisha.

Kuhusu tarehe: wanaastronomia huhesabu siku mfululizo kwa kile kiitwacho siku ya Julian, na kila siku huanza adhuhuri ya Greenwich, Uingereza, ili usiku wa Ulaya usikatwe vipande viwili. Adhuhuri yao kwetu ni saa tisa alasiri, kwa hiyo usiku wetu mzima nao unabaki ndani ya namba moja. Ukitazama saa saba usiku, hiyo ni 01:00. Toa saa 3, unapata 22:00 ya Greenwich, tarehe ya jana. Andika hivyo, kisha ibadilishe kuwa siku ya Julian. Vikokotoo vya bure mtandaoni vipo tele.

Ukishaizoea R, tafuta T ya kundi la Corona Borealis. Ililipuka 1866, kisha Februari 1946. Peltier alikuwa ameichunga zaidi ya miaka 25, na usiku uleule aliamka, akahisi mafua, akarudi kulala, akaukosa mlipuko. Kutoka 1866 hadi 1946 ni miaka 80, kwa hiyo hesabu mwenyewe tena kuanzia 1946. Weka hapa kadirio lako la kwanza la R nami nitaweka langu la usiku huohuo.